Skrini Iliyopepesa Pembeni mwa Jicho

Siku ya kwanza nilipomkuta dada mchapaji analia nilidhani amefiwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu haujaondoka barabarani, naye amekaa kwenye kompyuta, machozi yanamshuka hadi kidevuni huku vidole vinaendelea kuchapa. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja wa kanzu, anamsomea barua ya madai ya shamba la ukoo, na wala hakukatiza kusoma. Nikatua ndoo ya maji.

"Pole, dada. Nani amefariki?"

"Hajafa mtu," akajibu. "Ni macho yangu tu. Endelea, baba, tulifika kwenye mfereji."

Mzee akaendelea, mfereji ukapita katikati ya shamba, mashahidi wakatajwa. Mimi nikabaki mlangoni na ndoo yangu.

Nilikuwa na miezi miwili tu pale Lushoto. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, na wazazi wangu hawakushindwa kunisomesha. Nililifuata lori lililokuwa linabeba mbao kwa sababu nilitaka kujua linakwenda wapi. Tangu siku hiyo sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Nimechuma chai, nimepakia kabichi pale Soni, nimebeba masanduku ya gari la sinema lililozunguka vijijini. Nilipovuka miaka thelathini nilikuwa bado naishi hivyo, na duka lile la uchapaji lilinipokea kama mengine: nifagie, nichote maji, nipeleke karatasi zilizokamilika maofisini, nilale stoo na kula kwa mwenye duka.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila aliyestaafu serikalini anafungua kitu. Mwenye duka letu, karani mstaafu na mzee wa kanisa, alileta kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam, imeshatumika Ulaya, kioo chake kina kisogo kirefu kama jiko. Alikitandikia kitambaa cha kufuma. Aliyeitumia alikuwa dada huyo mmoja tu, binti wa Mtae, ambaye alibishana na baba yake mwaka mzima hadi akaruhusiwa kwenda kujifunza taipu. Alichapa bila kutazama vidole. Watu walikuja kusimama mlangoni kumwangalia tu.

Macho yalianza kumsumbua miezi mitatu baada ya kompyuta kufika. Kwanza maumivu ya kichwa upande wa kulia, kisha machozi, kisha akawa akitoka nje hawezi kusoma jina la basi lililosimama hatua ishirini mbele yake. Kila mteja alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema anawe kwa chai ya rangi iliyopoa. Mwingine alisema ni vitamini, ale karoti, na kwa kuwa karoti milimani kwetu zimejaa kila kona, alikula asubuhi na mchana hadi viganja vikawa vya njano. Mama mmoja alimvuta pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu aliitaka kazi ile. Wengine walisema ni mionzi. Nilipowauliza mionzi ni nini, na inatokaje, na kwa nini inapiga upande mmoja wa kichwa, niliambiwa nina maswali ya mtoto mdogo.

Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko nilivyojua. Bibi yake, mzaa mama, alikufa kipofu. Ilianza hivyo hivyo, kwa machozi na kichwa, ikaishia kwa kushikwa mkono kupelekwa chooni. Mama yake ndiye aliyekuwa akimshika. Kwa hiyo habari za macho ya binti zilipofika Mtae, jibu lilirudi na kondakta wa basi, aliyelitamka mlangoni mbele ya wateja wawili:

"Mama yako anasema atakuja gulio la Alhamisi. Anasema ufungashe."

Dada akacheka kidogo, kicheko cha aibu. Wateja walipoondoka aliniambia, "Kaka, nikipanda lile basi sirudi tena. Baba alishasema: ukirudi, umerudi. Na nikibaki, labda nitapofuka kama bibi. Sasa wewe mwenye maswali, niulize nitachagua lipi."

Nikaichukua ndoo nikaenda kuchota maji. Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne mzee mwenye duka alishuka Tanga kufuata wino na karatasi. Kabla ya kupanda gari alitukumbusha sheria yake moja: kompyuta ni ya kuchapia, mipangilio yake isiguswe. Mwalimu mmoja aliwahi kuibonyeza ovyo, maandishi yakageuka ya ajabu, ikabidi mtaalamu aletwe kutoka Moshi. "Na mkigusa nitajua," alisema, akinitazama mimi.

Mchana ule hapakuwa na wateja. Nilikaa mahali pa dada, nikaitazama skrini kwa muda mrefu, uso kwa uso. Maandishi yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha, lakini yametulia tuli. Nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka napata joto usoni.

"Mbona imetulia kama maji ya ndoo? Labda, dada, umechoka tu na kazi."

"Unasema natafuta sababu?"

"Sijasema."

"Umesema. Haya, usinyanyuke, kaa hapo hapo." Akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, akaivuta kanga mabegani kama shuka la mzee, akakohoa. "Mimi ni mzee wa Vuga. Nimekuja na maneno yangu. Mwandikie mwanangu aliyeko Tanga, mwambie ng'ombe amezaa. Andika!"

Nikaanza kutafuta herufi, huku nacheka.

"We! Mtu mzima anakusemesha unaangalia kioo? Mlilelewa wapi nyie? Kwenu hakuna wazee?"

Nikageuza uso kumwelekea, nikainamisha macho kama inavyopasa, na vidole vikabaki juu ya vitufe. Na hapo, pembeni mwa jicho langu la kulia, skrini ikaanza kupepesa. Ilipwita haraka haraka kama mshipa wa shingo ya mtu aliyekimbia. Niligeuka kuitazama: imetulia. Nikageuza uso tena kwa dada: inapwita.

"Mbona huandiki?" akasema.

"Ngoja. Nisomee tena."

"Ng'ombe amezaa ndama wawili."

"Endelea, usiache."

Alinisomea mambo ya ng'ombe yule dakika kumi nzima, akawapa ndama majina, akamtaja jirani aliyewaonea wivu. Kufikia hapo nilikuwa sicheki. Kichwa kilianza kunigonga, upande wa kulia.

Kule kwetu milimani watu hawakuleta karatasi wakaiacha. Walileta maneno yao. Hata aliyekuwa ameyaandika aliyasoma mwenyewe kwa sauti, kwa kuwa barua ya mtu mzima haitupwi mezani kama gazeti. Na mtu mzima akikusomea maneno yake humpi sikio peke yake, unampa na uso. Hata meza ilikuwa imewekwa ubavu ili mteja asipewe mgongo. Basi dada wa watu alishinda saa nane nzima kila siku ameelekea benchini, macho chini, na kioo kile kimemkalia pembeni mwa jicho. Sisi tuliokuja kumsaidia tulisimama mbele ya kioo tukakitazama wazi wazi, tukasema hakina kitu.

Nilikumbuka gari la sinema. Mwendeshaji wake, mtu wa matusi mengi na moyo mzuri, aliwahi kunionyesha ule mkanda wa filamu mkononi: picha zimesimama, moja moja, hakuna inayotembea. Zikipita haraka jicho linadanganyika. Mashine ikichoka ikapunguza mwendo, ukuta mzima unapepesa na watu wa pembeni ndio wanaoanza kulalamika kwamba vichwa vinawauma. Nikajiambia, huenda na kioo hiki hakiwaki moja kwa moja kama taa ya chemli. Huenda nacho kinachorwa na kufutika na kuchorwa upya, na kinachorwa polepole mno.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kweli. Kuwaza si kosa. Kubonyeza ndiko kosa.

Jumatano asubuhi tulifunga mlango, tukageuza kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga". Nilikuwa na kamusi ya mfukoni iliyochanika jalada. Tulifungua dirisha moja la mipangilio, likafungua jingine, lile likafungua la tatu, kila moja na maneno yake ya Kiingereza ambayo kamusi iliyajua nusu. Mwisho tukakuta orodha ndogo ya namba: sitini, sabini, sabini na tano, themanini na tano. Iliyokuwa imechaguliwa ni sitini. Yaani kioo kinachorwa mara sitini kwa sekunde. Mimi niliona ni nyingi ajabu, dada akaona ni chache.

"Weka ya juu," akasema.

"Na kikipasuka?"

"Kesho mama anakuja. Weka."

Nikachagua themanini na tano. Ukatoka mlio mwembamba, kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa, na kioo kikawa cheusi.

Nilibonyeza kila kitu nilichokiona. Weusi ule ule, mbu yule yule. Nikaona sura ya mzee mwenye duka, nikaona nafunga mfuko wangu na kushuka Mombo kwa miguu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu wazo la kuondoka halikunifurahisha. Dada alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja chake cha njano.

"Umeiua," akanong'ona.

"Nyamaza kidogo."

"Umeiua, kaka. Sasa hata ningetaka kubaki, nitabaki na nini?"

Kioo kikatoa mlio, *tik*, na maandishi yakarudi kama yalivyokuwa. Sikujua wakati ule kwamba mashine ile hungoja sekunde kumi na tano na, usipoijibu, hurudi yenyewe ilikotoka. Nilidhani ni dua. Dada akaiangalia, akasema, "Imefufuka," kisha akaketi chini sakafuni akacheka hadi machozi, na kwa mara hiyo moja machozi yale hayakumtisha mtu.

Ilinichukua hadi adhuhuri kuelewa. Kazi ya kioo ni kama ya mtu mmoja anayefagia ua. Ua ukiwa mkubwa atazunguka mara chache, ukiwa mdogo atazunguka mara nyingi. Mzee alikuwa ameagiza maandishi yawe madogo sana ili ukurasa mzima uonekane kwa mara moja. Alipenda kuwaita wageni waone. Ua ulikuwa mkubwa mno. Nikaupunguza ua: maandishi yakanenepa, kila kitu kikasogea karibu. Nikarudi kwenye namba, nikachagua sabini na tano, nikafumba macho.

Hapakuwa na mbu. Nilipofumbua, kioo kinawaka. Dada alikaa mahali pake, mimi nikaenda benchini, nikamsomea maneno yoyote yaliyonijia, hata maandishi ya mfuko wa mbolea. Alisikiliza ameinamisha macho. Niliacha kusoma, naye hakugeuka.

"Vipi?"

"Kimetulia," akasema. "Kaka, kimetulia kabisa."

Ningefurahi, lakini usiku wote sikulala. Maana nilijiuliza: na kama anasema hivyo kwa kuwa anataka kubaki? Mtu anayetaka kitu huona anachotaka kuona. Na kama kupepesa kule ni jambo moja, na ugonjwa wa bibi yake ni jambo jingine, linalokuja polepole nyuma yake? Mimi ni nani? Darasa la sita, na gari la sinema. Nikimwambia mama yake tatizo limekwisha, na binti akabaki kwa neno langu, na mwaka ujao akashikwa mkono kupelekwa chooni, nitakuwa wapi? Nilijijua. Nitakuwa mji mwingine.

Alhamisi mama alishuka na basi la kwanza, kilemba kimelowa ukungu, kapu la mapeasi mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, wa kusema polepole. Dada alimwamkia, mimi nikamwamkia, akaitikia marahaba zote mbili bila kutuondolea macho, akamshika binti yake kidevu na kuyatazama macho yake moja moja, kama mtu anayechagua mayai.

"Bado mekundu. Mzigo wako uko wapi?"

Kabla hajajibiwa, mzee mwenye duka akaingia na boksi la karatasi begani. Akaona kioo. Hata boksi hakuliweka chini.

"Nani amegusa?"

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Nimeuliza nani amegusa! Maandishi makubwa kama ya darasa la kwanza! Ukurasa wangu uko wapi?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na sinema, nikarudi kwa ng'ombe wa Vuga, nikachanganya kufagia ua na ndama. Mzee akasema kwamba amemweka mtu wa kuchota maji, hakumweka mhandisi. Mama akasikiliza yote, kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, "Kwa hiyo macho ya mwanangu yanaharibiwa na hiki?"

"Si hicho, mama, usimsikilize," mzee akasema. "Mimi nakitazama kila siku, kimenidhuru nini?"

"Unakitazama, mzee," nikasema. "Yeye hakitazami."

Mzee akaliweka boksi chini. Kisha akaniamuru nirudishe maandishi yake, mara moja. Nikarudisha: madogo, na sitini. Nikamwomba mama akae kwenye kiti cha binti yake, kama akipenda. Alisita, akakaa ukingoni mwa kiti, amepakata kapu lake. Mzee, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu hata akiwa na hasira, aliketi benchini na kuanza kumwuliza habari za Mtae: barabara, mvua, maharage. Mama akageuza uso kumwelekea, akainamisha macho, akajibu kwamba barabara ni mbaya, mvua si haba, na maharage… Alipofika kwenye maharage akanyanyua mkono wa kulia na kufukuza kitu karibu na sikio.

Mzee akaendelea kuuliza. Mama akafukuza tena. Mara ya tatu akageuka kwa ghadhabu, kama mtu anayemtafuta nzi, akakuta ni kioo kimekaa kimya.

"Nini hicho kinachopepesa?"

Dada akaziba uso kwa kanga. Mzee alinitazama, akatazama kioo, akasema, "Inuka, mama, samahani," akakaa yeye. Akanielekea mimi benchini, akainamisha macho kama kijana. Aliketi hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Punguza maandishi," akasema mwisho, na alipoona nayafanya madogo zaidi, "Yaani yanenepeshe. Fanya kama ulivyofanya."

Nikafanya. Mama akakaa tena, akaulizwa tena habari za maharage, na mkono haukunyanyuka. Nilidhani yamekwisha. Lakini aliniita nisogee.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu, ambaye hakumjua.

"Umesoma hadi wapi?"

"Darasa la sita, mama."

"Kama ni hicho, sawa. Na kama si hicho?"

Ni swali lile lile lililoninyima usingizi. "Sijui, mama," nikasema.

Alinitazama vile vile alivyoyatazama macho ya binti yake. "Afadhali umesema hujui. Ungesema unajua, ningeondoka naye." Akamgeukia binti. "Nakuacha mpaka maharage yavunwe. Madaktari wa macho hupita hospitali ya hapa, nimesikia. Watakapopita, uende. Na wewe," akanirudia, "hutoki mji huu mpaka waseme. Umelisema neno, likae na wewe."

Nilikaa. Hapakuwa na kamba, lakini nilikaa, na sijui hofu kama ile. Kila umeme ulipokatika na kurudi nilikimbia kuona kama namba imeshuka. Nilimchunguza dada anavyosoma, anavyokunja uso, anavyoweka kikombe mezani, hadi akaniambia, "Kaka, ukinitazama tena hivyo nitapofuka kwa kero." Wekundu ulipungua wiki ya pili. Kichwa kiliacha wiki ya tatu, au alisema kimeacha. Siku nyingine alijikuna jicho tu, nami sikula mchana.

Madaktari walifika maharage yakiwa yameanza kukauka mashambani. Foleni ilianzia mlangoni mwa hospitali ikazunguka ukuta. Mimi nilisubiri ng'ambo ya barabara kwa sababu kule ndani nisingeweza kusimama mahali pamoja. Saa saba akatoka, anatembea taratibu, uso hauna kitu, nikavuka barabara kumfuata.

"Wamesemaje?"

"Wameniambia nisome zile herufi ukutani."

"Ukasoma?"

"Nikasoma zote. Mpaka mstari wa mwisho." Akanitazama, midomo inamcheza. "Daktari akasema basi, inatosha, macho ni mazima. Nikamwambia bado pale chini kabisa kuna maandishi mengine. Akasema hakuna. Nikamsomea jina la kiwanda kilichochapa karatasi yenyewe. Akainuka kwenda kuangalia karibu, na yeye ana miwani."

Nikaketi kwenye majani yenye umande ambao mchana ule, kwa ukungu, haukuwa umekauka bado. Daktari, alisema dada, hakumwuliza kitu kuhusu kompyuta, na alipomweleza alitikisa kichwa tu na kuita jina la mgonjwa mwingine. Kwa hiyo sikupata wa kunithibitishia, si siku ile wala baadaye, kwamba ilikuwa ni ile namba.

"Mama umempelekea habari?" nikauliza.

"Naenda kumtafuta kondakta. Inuka basi, suruali yako inalowa."